A. Rosendo: mpiga piano mweusi aliyetia nusu ya jina lake kwenye tango

Ukiuliza tango ya kwanza ilitungwa na nani, naongelea tango ule muziki wa Argentina na siyo tango la kachumbari, utapewa majina matano tofauti na kila anayekupa jina ana uhakika wake. Wapo watakaokwambia haina mtunzi, ilizuka tu mitaani. Wapo watakaomtaja Ángel Villoldo, mtunzi wa enzi zile zile. Ila kuna jibu moja ambalo watu wengi wanaoijua historia ya muziki huu wanalikubali kwa masharti, yaani wanasema ndiyo, halafu wanaongeza "lakini", halafu wanaanza kueleza mpaka chai inapoa. Jibu lenyewe ni wimbo unaoitwa El entrerriano, wa mwaka 1897, na mtunzi aliyeandikwa kwenye karatasi ya nota ni A. Rosendo.

Mi nimepiga kinanda kwenye bendi za harusi na za mahoteli miaka kumi na kitu, na huyu A. Rosendo amenikaa moyoni kuliko wanamuziki wote wa zamani niliowahi kuwasoma, kwa sababu kazi aliyoifanya ndo kazi ninayoijua, kukaa nyuma ya piano usiku kucha ili watu wengine wacheze. Jina lake kamili ni Anselmo Rosendo Cayetano Mendizábal. Alizaliwa Buenos Aires tarehe 21 Aprili 1868 na akafia mji huo huo tarehe 30 Juni 1913. Na alikuwa mtu mweusi. Sasa shika mambo hayo mawili, kwamba alikuwa mweusi na kwamba alisaini nusu ya jina, maana historia yote ya tango inayowachanganya watu imefungwa kwenye hizo ncha mbili.

Kwanza hilo la weusi, maana najua kuna mtu hapo ameshtuka. Argentina? Ile ya Messi? Ndiyo, hiyo hiyo. Sensa ya mwaka 1778 inaonyesha Buenos Aires ilikuwa na watu kama 24,000 na karibu asilimia 30 yao walikuwa weusi au machotara. Waliletwa kama watumwa, wengi wao kutoka Angola na Kongo, na kuna waliotolewa huku kwetu pwani ya mashariki, Msumbiji, wakazungushwa rasi ya kusini mpaka upande wa pili wa Atlantiki. Kule mjini walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana wakiviita mataifa, palikuwa na taifa la Kongo, la Benguela, la Kabinda, na taifa la Msumbiji, kila moja na mfalme wake, mfuko wake wa kuchangia na ngoma zake za Jumapili. Mtaa waliokaa wengi, Monserrat, uliitwa mtaa wa ngoma kabisa.

Halafu ukiruka mpaka sensa ya mwaka 1887, mji umeshafika watu 433,375 na weusi waliohesabiwa ni 8,005 tu, haifiki hata asilimia mbili. Wameenda wapi? Watu wanapenda jibu moja, eti walikufa wote vitani, au homa ya manjano iliwamaliza. Vita vilikuwepo kweli, wanaume weusi walijazwa kwenye majeshi toka vita vya uhuru mpaka vita na Paraguay vilivyoisha 1870, na homa ya manjano ya 1871 iliua watu zaidi ya elfu kumi na tatu mjini. Ila kuna mambo mengine mawili ambayo hayasemwi sana. Moja, meli zilikuwa zinashusha Wataliano na Wahispania kwa maelfu na maelfu mwaka hadi mwaka, kwa hiyo hata kama weusi wangebaki idadi ile ile bado asilimia yao ingeporomoka. Pili, makarani walikuwa na neno trigueño, yaani mtu wa rangi ya ngano, wakimwandikia huyu na yule, na ukishaandikwa hivyo umeshatoka kwenye hesabu ya weusi bila kufa wala kuhama. Kwa hiyo wengine walikufa kweli, na wengine walifutwa kwa kalamu wakiwa hai, wanatembea, wanazaa, wanapiga piano. Serikali ya Argentina iliporudisha swali la asili ya Kiafrika kwenye sensa ya 2010 walijitokeza karibu laki moja na nusu nchi nzima, na ya 2022 ikapata zaidi ya laki tatu.

Rosendo alizaliwa katikati ya hayo yote, na hakuzaliwa kwenye nyumba ya watu wasiojua kusoma kama wengi wanavyofikiria wakisikia mpiga piano mweusi wa nyumba za starehe. Baba yake, Horacio Mendizábal, alikuwa mshairi. Alizaliwa 1847, akatoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi mwaka 1865, kijana wa miaka 18, na cha pili mwaka 1869, na kwenye hicho cha pili aliandika wazi wazi kuhusu dharau wanayofanyiwa watu wa rangi yake, akahoji kwa nini ionekane balaa siku mtu mweusi akikaa kwenye kiti cha rais wa jamhuri. Hebu ifikirie tarehe, 1869. Miaka miwili baadaye homa ya manjano ikaingia, wenye uwezo wakakimbia mji, Horacio akabaki kuhudumia wagonjwa na ugonjwa ukamchukua. Alikuwa na miaka 24. Mwanaye Rosendo alikuwa hajafikisha hata miaka minne.

Kwa hiyo mtoto alikua bila baba ila familia ilikuwa na kitu. Inasimuliwa kwamba bibi yake alimwachia urithi mkubwa, na kwamba kijana aliutumia wote ukaisha. Mi sipendi jinsi sehemu hii inavyosimuliwa siku zote, kwa kukunja uso, kana kwamba kijana wa kizungu wa Buenos Aires ya miaka ile hakuwahi kutapanya mali ya babu. Kilichobaki mkononi baada ya pesa kwisha kilikuwa elimu ya piano, na elimu hiyo ndo ikamlisha. Mchana alifundisha mabinti wa familia zinazoheshimika kupiga piano. Usiku alikuwa analipwa kupiga kwenye nyumba za dansi. Watu wale wale waliomlipa mchana wasingependa kusikia habari za usiku, ingawa baadhi ya kina baba na kaka wa mabinti hao ndo walikuwa wanacheza huko.

Na hapo tunafika kwenye neno lenyewe. Tango. Wamebishana sana limetoka wapi. Kuna wanaosema ni Kihispania, kuna wanaosema ni la Kibantu. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 19, Buenos Aires na Montevideo ya Uruguay, maneno tango na tambo yalitumika kwa mikusanyiko ya watu weusi wakipiga ngoma na kucheza, na wakubwa wa mji walikuwa wanaandika amri za kuizuia. Na neno lilikuwa linabeba vitu kadhaa kwa pamoja, lile eneo wanapokutania, ngoma zenyewe na uchezaji. Wanaandika kurasa na kurasa kuelezea inawezekanaje neno moja liwe ala, uchezaji na shughuli. Kwa Mswahili hiyo haihitaji hata dakika. Tunasema piga ngoma, cheza ngoma, leo kuna ngoma kwa fulani. Neno moja, vitu vitatu, na hakuna anayechanganyikiwa.

Ila neno linalonifurahisha zaidi ni milonga. Milonga ni wimbo na uchezaji uliokuja kabla ya tango na ukaizaa tango, na mpaka leo sehemu watu wanapoenda kucheza tango inaitwa milonga. Asili yake inatajwa kuwa Kimbundu cha Angola, mulonga ni neno au kesi, milonga ni maneno, maneno mengi, mabishano, maana mwanzoni ilikuwa ni watu wawili wanajibizana kwa mashairi na gitaa. Itazame kwa jicho la Kiswahili. Mu-, mi-. Mti, miti. Mkoba, mikoba. Mulonga, milonga. Ni ngeli ile ile tuliyofundishwa shule. Na kwa Wazaramo, Waluguru na jirani zao kulonga ni kusema, hata vijana wa Dar wanasema tulonge. Mtu wa Buenos Aires anayesema leo usiku naenda milonga anatamka wingi wa Kibantu bila kujua, na Mluguru akimsikia angefikiri jamaa anaenda kwenye maongezi.

Haya, sasa "ya kwanza" maana yake nini? Hapa ndo pana fundo kubwa, tulifungue taratibu.

Tango kama uchezaji haina mtunzi, hilo tukubaliane. Mwaka 1913 gazeti la Crítica la Buenos Aires lilitoa makala ya mtu aliyejiita Mzee wa Tango, anasimulia kwamba mwaka 1877 weusi wa mjini walibuni uchezaji wakauita tango, ulifanana kidogo na candombe, ile ngoma yao ya zamani, ila watu wanacheza wawili wawili wametengana. Vijana wa vitongojini, wahuni wa mtaa wenye kisu kiunoni, wakawa wanaenda kuangalia, wakaiga kwa kuwacheka, wakaibeba mpaka kwenye mabanda ya dansi ya Corrales Viejos, kule machinjioni, na wao wakaanza kucheza mitindo ile kwenye milonga yao huku wameshikana. Mchezo wa kuwabeza weusi ulikuwepo tayari mjini, maana miaka ya 1860 vijana wa familia kubwa walikuwa wanajipaka masizi usoni na kuingia kwenye kanivali wakijiita Weusi. Kwa hiyo uchezaji ulipita kwenye miili ya watu wa aina mbili, walioubuni na waliowaiga, na wa pili ndo waliobaki kwenye picha.

Tango kama nyimbo nayo ilikuwepo kabla ya Rosendo. Miaka ya 1870 na 1880 kulikuwa na nyimbo kama El Queco na Dame la lata, nyingi fupi, maneno yake ya chumbani, nyingine zinafanana bado na habanera ya Cuba au nyimbo za maigizo ya Kihispania, na nyingi hazina mwenyewe. Zilikuwa kama zile nyimbo za ngomani ambazo kila kijiji kina ubeti wake na ukiuliza nani katunga unaambiwa tumezikuta. Wapigaji walibeba fluti, violini na gitaa kwa sababu ndo vyombo unavyoweza kukimbia navyo polisi wakija. Bandoneon, ile jamaa ya akodiani yetu ya taarabu ambayo leo ukisikia tango unaisikia kwanza, ilitoka Ujerumani na ilikuwa bado haijashika nafasi.

Sasa alichofanya Rosendo mwaka 1897 ni kuketi kwenye piano na kutoa tango iliyojengwa, yenye vipande vitatu, kila kimoja na sura yake, na kile cha tatu kinaitwa trio, kama walivyozoea watunzi waliosoma. Ramani hiyo ya vipande vitatu ndo watunzi wa kizazi chake na kilichofuata, kile wanachokiita Walinzi wa Zamani, waliifuata miaka karibu ishirini. Na wimbo ukawekwa kwenye nota, ukauzwa, una jina la mtu. Kwa hiyo El entrerriano siyo tango ya kwanza kuwahi kupigwa wala siyo karatasi ya kwanza kuandikwa neno tango. Ni ya zamani kuliko zote kati ya zile ambazo mtunzi wake tunamjua, umbo lake ni la tango tunayoijua, na bado zinapigwa mpaka leo. Hilo ndo lile "ndiyo, lakini".

Kama una mkono huru, jaribu hapo ulipo. Piga paja: noti ndefu, fupi inayoifukuza, halafu mbili sawa. TAAA-ka-tam-tam. TAAA-ka-tam-tam. Huo ni mdundo wa habanera, umetoka Havana, na ndo kazi ya mkono wa kushoto wa mpiga piano kwenye tango za wakati ule. Mkono wa kulia wenyewe unakimbia noti ndogo ndogo juu yake, unachelewa hapa kidogo, unawahi pale, hautui pale unapotegemea utue. Siku ya kwanza nilipojaribu El entrerriano nilidhani ni rahisi, mkono wa kushoto nikauacha ujiendee, mara nikajikuta mkono wa kulia umeanza kuufuata wa kushoto kama mtoto anayefuata mama sokoni na wimbo wote umekufa, umekuwa maandamano ya skauti. Ilinichukua wiki kuelewa kwamba mikono miwili ile inabishana, na ukiipatanisha umeua. Milonga, maneno, mabishano. Nilielewa kwa vidole kabla sijaelewa kwa kusoma.

Usiku ule wa 1897 tunao kwa sababu ya shahidi, José Guidobono, aliyekuwepo na akaja kuusimulia miaka mingi baadaye. Nyumba ilikuwa ya María la Vasca, mtaa ulioitwa Europa wakati ule, leo unaitwa Carlos Calvo. Ilikuwa nyumba ya dansi yenye wanawake wa kucheza nao, ulikuwa unalipa peso tatu kwa saa kwa kila mtu, kwa hiyo siyo sehemu ya mtu maskini. Kundi la marafiki wenye pesa walikuwa wameichukua nyumba, na Rosendo ndo alikuwa mpiga piano wa hapo. Akapiga wimbo mpya, watu wakapagawa, wakataka urudiwe, ukarudiwa tena na tena. Halafu ikaja lile swali ambalo kila mpiga kinanda wa harusi amewahi kuulizwa, wimbo unaitwaje? Haukuwa na jina. Pale pale ikashauriwa autoe kwa mmoja wa waliokuwepo, Ricardo Segovia, tajiri mwenye mashamba, na kwa kuwa Segovia alikuwa mtu wa mkoa wa Entre Ríos wimbo ukaitwa El entrerriano, yaani mtu wa Entre Ríos. Segovia akatoa noti ya peso mia.

Nikisoma hapo huwa nacheka kwa kufahamu, maana hiyo tunaijua! Ni kutunza. Ni yule mama wa taarabu anayenyanyuka na noti zake anatembea kwa madaha mpaka kwa mwimbaji. Au zaidi ni ile ya rumba ya Kongo, wanaita mabanga, mtu anatoa pesa na jina lake linaingia kwenye wimbo milele, mpaka leo tunaimba majina ya wafanyabiashara ambao hatujui walikuwa wanauza nini. Na ukiangalia nyimbo nyingine za Rosendo unaona ndo maisha yake yalivyokuwa: Don José María, Don Padilla, Don Enrique, Don Santiago. Don, Don, Don, ni majina ya mabwana. Kuna Z Club, hiyo ni klabu ya waungwana waliokuwa wanakodi nyumba hiyo hiyo ya María kucheza. Orodha ya kazi zake ukiisoma ni kama daftari la waliomtunza. Katikati ya hao mabwana kuna wimbo mmoja unaitwa Reina de Saba, Malkia wa Sheba, na mi huwa napenda kuupiga huo baada ya zile za mabwana.

Sasa rudi kwenye ile karatasi. Tajiri alitoa peso mia na jina la mkoa wake likawa jina la wimbo. Mtunzi naye akaandikwa A. Rosendo. Mendizábal hayupo. Sababu inayotajwa siku zote ni ile kazi ya mchana, mwalimu wa mabinti hawezi kuonekana kwenye nota za nyumba kama zile, na inaeleweka, maana tango ilikuwa na aibu. Hata mwaka 1903, miaka sita baadaye, wimbo wa Villoldo unaoitwa El choclo ulipopigwa kwa mara ya kwanza kwenye mgahawa wa heshima, mpigaji ilibidi autambulishe kama dansi ya kienyeji kwa sababu neno tango lisingepita mlangoni. Lakini mi naona kuna uzito mwingine. Mendizábal lilikuwa jina la mshairi. Baba aliliandika zima kwenye jalada la kitabu kinachodai mtu mweusi ana haki ya kukaa popote nchini mwake, na mtoto wa baba huyo, miaka 28 baadaye, anatoa kazi yake kubwa kuliko zote na anaona ni salama zaidi jina hilo lisionekane. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa na kodi ya nyumba na wanafunzi wa piano. Nasema tu kwamba kile kiti ambacho baba aliuliza habari zake, mtoto hakupewa hata stuli ya piano kwa jina lake kamili.

Na pesa pia hazikumrudia kila wimbo ulikokwenda. Sheria ya kwanza ya hakimiliki Argentina ilikuja 1910, chama chao cha kukusanya mirabaha, tuseme kama ilivyokuwa COSOTA ya Tanzania, kinachoitwa SADAIC, kikaanzishwa 1936. Mwaka 1897 ulikuwa unapata ulichopewa usiku ule, na kidogo cha mchapishaji, basi. Villoldo akaja kuutia maneno wimbo ule kwa ajili ya mwimbaji Pepita Avellaneda, bendi zikaupiga, santuri zikaja zikaurekodi, na mpigaji alikuwa bado anatafuta kibarua cha kesho.

Hakuwa peke yake, na hili lisemwe maana ukimtaja mmoja watu wanadhani ni wa ajabu. Kulikuwa na Casimiro Alcorta, mpiga violini, wakimwita Mweusi Casimiro, anayehesabiwa kuwa na tango nyingi ambazo hakuna iliyobaki na jina lake. Wimbo wa Cara sucia unasemekana ni wake, ulikuwa na jina chafu la nyumba za usiku, baadaye kiongozi wa bendi Francisco Canaro akausafisha na kuutoa kwa jina lake mwenyewe. Kulikuwa na Sebastián Ramos Mejía, chotara, mmoja wa watu wa kwanza kabisa kupiga bandoneon kwenye tango, mchana akifanya kazi kwenye tramu ya farasi. Carlos Posadas mtunzi wa El jagüel. Leopoldo Thompson, ambaye alikuja baadaye kidogo, alikuwa anapiga besi kubwa ile ya kusimama, akawa anaichapa kwa kiganja na kwa upinde kama ngoma, na mchapo ule ukabaki kwenye tango hadi leo, sikiliza bendi yoyote nzuri ya tango utausikia, mtu anagonga mbao. Kwa hiyo mtu akikuuliza Uafrika wa tango uko wapi mbona ngoma hazisikiki, mwambie asikilize kwenye besi.

Tofauti ya Rosendo na Casimiro ni ile nusu ya jina. Casimiro hakuandika, akabaki masimulizi. Rosendo aliandika A. Rosendo, na wadadisi walipokuja kutafuta walikuwa na pa kuanzia, wakaufuata uzi mpaka kwa Mendizábal, mpaka kwa mshairi aliyekufa akihudumia wagonjwa. Nusu ile ilitosha kumrudisha. Kwa hiyo nikiwa na vijana wa bendi wanaotoa nyimbo huwa nawasumbua sana na jambo hili, andika jina, andika tarehe, hata kama ni jina la utani, andika.

Mwisho wake ulikuwa mbaya. Afya ilimwisha mapema, inaelezwa alipooza na macho yakaacha kuona, na hela hazikuwepo. Alikufa Juni 30, 1913, ana miaka 45. Na mwaka huo, angalia, 1913, ndo mwaka ambao Paris ilikuwa imepagawa na tango. London walikuwa wanacheza tango kwenye chai ya jioni, maduka yanauza nguo za rangi ya chungwa wanayoiita rangi ya tango, na Novemba mfalme wa Ujerumani akapiga marufuku maofisa wake kuicheza wakiwa na sare. Familia kubwa za Buenos Aires, zile zilizokuwa zinaona aibu, zikasikia kwamba Paris imekubali, wakaanza kuajiri walimu wa kuwafundisha mabinti zao uchezaji ambao mwalimu wa piano wa mabinti hao alikuwa anauficha.

Casimiro naye alikufa mwaka huo huo, maskini vile vile. Ile makala ya Mzee wa Tango kwenye Crítica, inayosema uchezaji huu waliubuni weusi, ilitoka tarehe 22 Septemba. Rosendo alikuwa kaburini karibu miezi mitatu.